Kiwango cha Elimu

Nilipofika kwa Mwalimu Batuli, barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
kishikwambi kilikuwa na chaji asilimia kumi na moja
na kaya tisa zilikuwa zinaningoja kabla ya adhuhuri.
Akanitambua kwa mwendo. "We mwana wa Mwanahija,
bado wakanyagia kisigino? Vua, pita."

Nikavua. Mkeka uleule.
Ukutani alama ya mafuta pale tulipoegemeza vichwa
tukingoja zamu ya kusoma,
na bakora juu ya kabati, imezeeka kuliko woga wangu.

Jina. Umri. Hali ya ndoa: mjane.
Choo cha shimo au cha kuvuta?
Alijibu kama mtu aliyezoea kutahini, si kutahiniwa.
Kisha nikasoma, kwa sauti ya semina ya siku tatu Chumbageni:
"Kiwango cha juu cha elimu ulichohitimu?"

"Wewe," akasema, "waniuliza mimi?"

Nikashuka na kidole.
Hakusoma. Msingi. Sekondari. Ufundi. Chuo. Chuo kikuu.
Aliyetunga orodha alikuwa na haraka,
au hakuwa na bibi.

Kidole hikihiki ninachobonyezea
alikishika yeye, akakipitisha juu ya alifu mpaka alifu ikasimama.
Alinirudisha kwenye dhadi mara arubaini
mpaka ulimi ukapata pa kukaa.
Ada ya Alhamisi alilipa aliyejaaliwa;
sisi wengine tulileta kuni.

Na alipofariki mwenye stoo ya kamba za katani,
akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama,
wakili Mhina, digrii mbili ukutani,
alikuja hapa usiku kwa mlango wa uani.
Mwalimu akapiga magoti, akaandika kwa chaki sakafuni:
mabinti kumi na sita, baba nne, mama nne, mjane tatu.
Ishirini na nne haikutosha. Ikafura, ikawa ishirini na saba,
thumuni ya mjane ikashuka ikawa moja ya tisa,
na hakuna aliyeonewa.
Asubuhi karatasi ikaenda mahakamani na muhuri wa Mhina.
Hesabu ya Batuli ilibaki sakafuni.
Akaipiga deki mwenyewe.

"Mwalimu, hapa si chuoni? Nabonyeza Chuo."
Kioo kikauliza: Namba ya usajili? Mwaka wa kuhitimu?
Kikawa chekundu, kikagoma.
"Usinisingizie," akasema. "Andika walichokutuma.
Ila Shuwea wangu mwandike vizuri.
Yuko Morogoro, kilimo, mwaka wa tatu.
Bangili zangu mbili zimo humo."

Nikamweleza kwamba Shuwea hakulala hapa,
atahesabiwa hukohuko.
Akanyamaza muda. Akapangusa mkeka usio na vumbi.

"Hukumfunza mirathi?"
"Alisema haina ajira. Nami sikumbishia.
Haya, wewe je: mke, mama, kaka wawili wa baba na mama.
Gawa."

Nina shahada ya takwimu, daraja la pili la juu,
imo kwenye bahasha, imekwenda ofisi kumi na saba na kurudi.
Shahada ile nyingine nilitamkishwa hapa, bila bahasha.
Nikatafuta jibu darini, nikatafuta kwenye vidole vya miguu.
Robo ya mke niliikumbuka.
Mama akanipotea.

"Sudusi," akasema taratibu, kama anayefunika mtoto shuka.
"Kaka wachukua kinachobaki. Bonyeza, chaji yako yaisha."

Nikabonyeza cha kwanza.
Kioo kikashukuru, kikasonga mbele kuuliza kuku ni wangapi.

Nje nikatoa chaki, niandike namba ya kaya juu ya mlango.
Ishirini na saba.
Alikuwa amesimama nyuma yangu, macho juu.
"Saba yako bado imelala," akasema,
akaifuta kwa pembe ya kanga,
akanishika mkono.