Kipimo

Mrija wako bado umechomekwa kwenye nyasi za paa,
mrefu kuliko mimi,
ncha yake ya kuchujia imekaukiwa na makapi ya ulezi.
Sijautoa. Panya wanaujua.

Epodoi, ndugu yangu wa ziwa moja,
ulianza kama wanavyoanza wengi hapa Kumi:
jioni, chungu katikati, viti vya kukunja duara,
maji ya moto yakiongezwa,
habari za ng'ombe walioibwa zikiongezwa.
Hakuna aliyeona siku ulipoacha kuisubiri jioni.

Mimi niliona.
Mimi ndiye mwenye pipa.

Muhogo na molasi, siku saba chini ya majani,
bomba la shaba likipita ndani ya maji ya kisima,
na tone la kwanza kwenye kijiko: nawasha kiberiti,
likiwaka buluu nasema, safi.
Nilisema hivyo mbele ya watoto.
Kikombe chekundu cha plastiki, shilingi mia tano.
Chako nilikijaza hadi ukingoni, kwa ajili ya lile ziwa.

Asubuhi mikono ilikutetemeka, kifungo kikakushinda;
ukinywa cha kwanza, inatulia.
Tukaiita dawa.
Ukasahau jina la binti yako wa tatu, tukacheka.
Miguu ikavimba, tukalaumu viatu vya mpira.
Macho yakageuka rangi ya alizeti,
shangazi akasema umerogwa,
mbuzi akachinjwa.

"Ini halina mdomo," alisema nesi Ariokot kule Soroti.
"Linabeba, linabeba, halinung'uniki.
Siku likisema, limeshasema yote."
Daktari akachoma sindano ubavuni, nikaambiwa nishike ndoo.
Maji yakatoka, manjano kama chai isiyokolea,
taratibu, kama bomba langu.
Nilihesabu. Siwezi kutohesabu, ndiyo kazi yangu.
Lita tano. Sita. Sita na vikombe viwili.
Tumbo likalala kama gunia lililomwagwa,
ukanitazama, ukauliza:
"Dada, hayo utayauza bei gani?"
Ukacheka peke yako.
Mimi na nesi tulikuwa tunaangalia sakafu.

Tulikuzika Jumanne.
Jumatano tukawatolea chungu waliochimba kaburi,
mirija kumi na mmoja,
na mtu akamwaga kidogo chini kwa ajili yako,
kana kwamba ulikuwa hujashiba.
Kisha mmoja akanifuata nyuma ya jiko, akanong'ona,
"Ile kali ipo?"
Opolot, mwanao. Miaka kumi na sita,
shati lako la kwenda kanisani likimpwaya mabegani.
Kikombe chekundu kilikuwa kimening'inia msumarini
kati yangu naye.
Nikasema, haipo.

Ipo. Lita ishirini, chini ya kitanda changu,
na karo yake mwenyewe inadaiwa Jumatatu.
Huu ni usiku wa tatu nalala juu yake.
Sijapata mkono wa kuimwaga, sijapata mkono wa kuiuza.
Inanukia hadi kwenye mto.
Inanukia safi.