Ya Kutoboa Karatasi

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja wa sababu.
Wenzangu wa benchini waliandika ulinzi,
wakaandika duka, mifugo, shamba la Kitengela.
Mimi niliandika: burudani.
Karani akavua miwani, akanitazama
kana kwamba nimeandika tusi.
"Burudani, mama?"
Burudani.

Miezi tisa baadaye niko kwa Sokhi,
ghorofa ya pili, mlango wa chuma nyuma ya mlango wa chuma,
na huko chini River Road inagombana na honi zake.
Juu ya kitambaa cha kijani amenipangia tatu.

Ya kwanza nyeusi, ndefu, nzito kama pasi ya makaa.
Hii haikosei, asema, ukikosa umekosa wewe.
Naamini. Ila kiganja changu
ni cha kuchonga meno ya bandia,
kimezoea nta na visu vyembamba kuliko kalamu;
kidole hakifiki kinapotakiwa.

Ya pili ina rangi ya fedha. Inapenda kutazamwa.
Naipita.

Ya tatu ingeenea mfuko wa koti langu la kazini
(si kwamba itakaa humo: itakaa kasikini,
na risasi zake chumba kingine).
Mtutu wake haufikii kidole cha shahada,
kilengeo chake ni chenga ya mchele.
Sokhi hanifichi kitu.
Hii ni ya hatua saba, kumi ukijaliwa,
zaidi ya hapo unamtania mjusi.
Tena inachagua chakula kama mtoto,
risasi za bei ya chini huzitema.
Naishika. Inatulia
kama jino lililopata ufizi wake.

Jioni Bosibori, dada yangu, akapiga simu:
"Jambazi wa Umoja ataogopa kadudu hako?"
Haikununuliwa jambazi, nikamwambia.
"Basi pesa zinakuwasha."
Labda. Nimezichanga taya kwa taya,
miaka minne ya vinywa vya watu,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza
mimi nacheka na nini.

Jumamosi, machimbo ya mawe yaliyoachwa, upande wa Njiru.
Nasimiyu anayetufundisha hutafuna tangawizi
na neno halirudii.
Vidude hivi, alisema siku ya kwanza,
havipigwi katikati kama risasi kubwa.
Pini huvigonga ukingoni mwa kitako,
pembeni kabisa, penye ukuta mwembamba,
na moto husikia wito hata huko pembeni.
Jambo hilo nimelibeba wiki nzima,
nikiosha vyombo, nikifunga duka la kinyozi lililo chini yetu
kwa kuwa mwenyewe husahau.
Sijui linanitakia nini.

Sauti yake si mshindo.
Ni ufito mkavu unaovunjwa gotini.
Tano za mwanzo zikaenda chini kushoto,
zote, kwa ukaidi wa familia moja,
na karatasi ikabaki na mapengo
kama mzee wangu wa Jumatatu
asiyekubali kupimwa.
Nikacheka. Kwa sauti. Nasimiyu akaacha kutafuna.

Ya sita ikagoma.
Tk, na kimya.
"Usigeuke," akasema. "Elekeza mbele. Hesabu thelathini."

Moja. Mbili. Vumbi la jiwe jeupe.
Tano. Simu iko kabatini, imezimwa.
Tisa. Kipanga mmoja, hana haraka.
Kumi na nne, mkono ukaanza kutetemeka
halafu ukaona haya, ukaacha.
Ishirini. Jiji lote lile nyuma ya mgongo wangu
na hakuna anayenidai jino.
Ishirini na nane.
Ishirini na tisa.

Nilifika thelathini.
Nikaendelea kidogo.