Mshenga wa Vyuma

Zima, Curtis. Nimeshasikia.
Hiyo sauti uliyoagiza kwa posta
inanguruma vizuri mbele ya kanisa la Walutheri Jumapili,
ila jana shambani kwa babako, tani sita za viazisukari mgongoni,
ulikanyaga mafuta, ikakohoa, ikazimika,
na tope jeusi la Mto Mwekundu likakushika vifundo
kama mdai.
Trekta la kina Feist ndilo lililokutoa. Wote tuliona.

Lete taa hapa. Karibu zaidi.

Hii kamshafti, tazama nundu zake zilivyonenepa:
valvu inafunguka mapema, inachelewa kufunga,
kama mlango wa baa.
Kwenye mizunguko elfu tano, sawa,
hewa inakuja mbio, haina nafasi ya kujuta.
Kwenye elfu moja na mia tano
pistoni inapanda na kuirudishia kabureta pumzi yake.
Na kabureta yenyewe!
Koo la ng'ombe kwenye kifua cha mbuzi.

Aloys, marehemu, alizoea kusema
kila chuma ni kizuri kwao.
Hiki kwao ni lami kavu, gari tupu, watu wakishangilia.
Wewe umekioza ugenini,
giaboksi inazungumza mzigo,
difu inazungumza barabara kuu,
na chenyewe kinapiga mayowe peke yake
huku wakwe wamenyamaza.

Basi niache niwe mshenga.
Narudisha kamshafti ya zamani, ya nundu fupi,
ile uliyoitupa nyuma ya ghala. Niliiokota. Usiniulize kwa nini.
Mabomba ya hewa marefu, membamba,
maana maji ya mrija hukimbia, ya dimbwi hulala.
Kabureta ndogo.
Ekzosi ya inchi mbili, usinune.
Na kwenye difu meno arobaini na moja kwa tisa:
injini izunguke mara nne na nusu na ushee
ndipo gurudumu likubali mara moja.

Spidi? Utaipoteza.
Dada yako na kigari chake chekundu
atakupita hata akiwa anapaka rangi mdomo.
Shika spana ile. Hapana, kubwa.

*

Siku ya nne, alfajiri, baridi ya kugandisha mate,
nilisimama mlangoni na kikombe.
Lori lilipanda tuta la reli na tani saba,
gia ya pili, taratibu,
sauti yake kama mtu anayesoma hesabu zake kimoyomoyo.
Viazi viwili vilidondoka. Havikuhesabiwa.
Curtis hakupunga mkono,
kiwiko dirishani, macho mbele,
tayari alikuwa amesahau kwamba kuna injini.

Ile kamshafti nimeitundika
kwenye msumari wa kofia ya Aloys.
Inang'aa mno.
Bado inadondosha mafuta sakafuni, tone moja moja,
na mimi kila jioni naweka gazeti jipya.