Kidaka cha Tatu

Siku ya kwanza tulimsingizia samaki.
Mama akamwaga ndoo nzima jikoni, akasugua sakafu
kwa ndimu na majivu, akanusa vidole vyake, akasema: bado.
Siku ya pili tukalisingizia shimo la choo la Bi Somoe,
ambaye ukuta wake na wetu ni ukuta mmoja,
naye, Mola amstiri, alikuwa ameshatusingizia sisi.

Siku ya tatu hapakuwa na wa kusingiziwa.
Harufu ilikaa ukumbini kama mkwe,
haiondoki, haisemi imejia nini,
yaingia hadi ndani ya chai.

Udi tulifukiza. Kwanza ule wa kopo,
kisha ule wa harusi, ambao Mama huuficha kabatini.
Ikawa mbaya zaidi: mzoga uliojipamba,
mzoga unaokwenda karamuni.
"Zima," akasema. "Heri unuke peke yake."

Mimi ndiye niliyeweka sumu.
Nakiri hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza.
Punje nyekundu, za shilingi hamsini.
Mchuuzi wa Langoni aliapa kwamba panya akila
hutoka nje kutafuta maji, akafia huko mtaroni.
Panya wetu hawakuapa.

Nyumba hii ni ya matumbawe na chokaa,
kuta nene kiasi cha mkono wangu mpaka begani,
na baina ya jiwe na jiwe
mlikuwa na mji mwingine;
usiku tuliusikia ukihamisha vyombo.

Fundi Famau alikuja, wala hakunusa.
Alikalia kigoda, akaomba kahawa, akaomba kimya.
Alitazama nzi.
Wale wa kijani, wanono, wenye mng'ao wa hariri:
walizunguka taa, wakaipita saa ya ukutani,
wakatua, mmoja, wanne, kumi,
kwenye kidaka cha tatu kutoka kushoto,
chenye sahani ya bibi iliyoungwa kwa gundi.
"Hapo," akasema, akamaliza kahawa yake.

Mama aliishika nakshi kwa viganja viwili
kama anayemziba mtoto masikio.
Kisha akaiachia, akatazama mlango.
Patasi ikaingia.

Kilichotoka kwanza sitakieleza.
Nilijifunga leso puani, nikavaa mifuko ya mkate mikononi,
Famau akarashia dawa ili vumbi lisiruke,
tukaokota. Mkubwa mmoja.
Watoto watano, kila mmoja kama kokwa ya tende.
Chini yao kitanda walichotandikiwa:
nyuzi za leso, pamba ya godoro, nywele zangu,
na karatasi za kahawia zilizotafunwa zikalainika,
na kwenye kipande kimoja
sifuri mbili nzima, na ya tatu nusu.

Elfu sita. Za chama.
Mwezi wa Rajabu tulizitafuta chini ya kila mto,
kisha tukamtazama Mbeyu, aliyekuwa akitufulia.
Hatukumwita mwizi. La.
Tulimwambia tu asije tena Jumatatu.
Alianua nguo zote kambani,
akazikunja, hata soksi, kila moja na mwenzake,
akaenda.

Shimo tulilijaza chokaa na mkaa,
milango tukaiacha wazi, usiku na mchana.
Siku ya saba Bi Somoe akapiga hodi na sahani ya mahamri,
akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda,
akasema: Alhamdulillahi, imekwisha.

Mama hakujibu. Alikuwa ameshika ile sahani ya bibi,
hajui aiweke wapi.
Alipoondoka jirani, akaniuliza:
"Kwa Mbeyu ni wapi?"

Hidabo, nikasema.
"Hidabo wapi?"

Miaka minne alizijua hata soksi zetu,
ipi imetoboka kisigino, ipi ya nani.
Nilisimama na mahamri yangu yanapoa,
nikizihesabu nyumba za Hidabo kichwani,
na zote hazina mlango.