Tupa Haitupwi

Niliingia karakana ya Okwemba, pale Luanda,
nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Busia,
nikiwa na mikono miwili mizima na haraka nyingi.
Haraka akaivua kwanza.
Mikono, alisema, tutaona.

Siku ile sikugusa chuma.
Nilichagua gunzi la mahindi, kavu, la msimu uliopita,
nikalitoboa kwa msumari wa moto
hadi likameza mkia wa tupa, likakaza.
Okwemba akanifungulia kiganja cha kulia:
kovu la mviringo, jeupe kama punje.
Tupa ilikwama kwenye jembe, yeye yuko nyuma yake
na uzito wote wa mwili, na mkia uko wazi.
"Nilikuwa najua," akasema.
"Nilijua. Nikaona uvivu kutafuta gunzi."

Kisha jiliwa. Kimo cha kiwiko.
Kibane chuma kisitetemeke, kwani kikilia
kinakulilia wewe.
Sukuma, inua, rudi.
Meno yametazama mbele, kama ng'ombe wanaokwenda mtoni;
ukiyaburuta kinyumenyume unayavunja.
Kwaruu, kimya.
Kwaruu, kimya.
Mimi nilidhani kazi ni ile kwaruu.
Mwezi mzima nikaambiwa, kimya chako ni kifupi.

Chaki niliomba shuleni kwa mdogo wangu,
vile vipande ambavyo mwalimu hawezi tena kuvishika.
Ipake tupa kabla ya kazi, chenga zisigande menoni;
jioni isugue kwa brashi ya waya, ukifuata mistari yake.
Usiipe mafuta. Itateleza, itakudanganya.
Usiipulize.
Ambani aliipulize? Aliipuliza, mara moja tu,
akashinda zahanati jicho limefungwa,
daktari akitafuta chembe ndogo kuliko nukta.
"Mdomo ni wa kupulizia uji," ndivyo Okwemba alivyomsalimia aliporudi.

Na usiku kila moja ilale peke yake,
katika mfuko niliomshonea kwa blanketi kuukuu,
vijumba kumi na moja.
Zikilala pamoja zinatafunana.

Akaja mpaka rangi wa duka la mbolea,
akajiazimia ile laini, bila kuuliza,
afungulie kopo.
Ta!
Kama biskuti. Kipande kikapita sikioni mwangu,
nikasikia upepo wake.
"Si inaitwa tupa?" akacheka. "Basi tupa!"
Okwemba hakucheka, hakugomba.
Aliviokota vipande viwili, akaviunganisha juu ya meza,
akavitazama kitambo
kama mtu anayesoma barua fupi.
"Haitupwi," akasema.
Akasaga ile sehemu iliyovunjika hadi ikaacha ukali,
akanipa nusu yenye gunzi.

Nusu hiyo ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu
Mama Andeyo alipofika jasho likimtiririka,
sanduku la chama limebebwa na wanawake wawili.
Ufunguo umetumbukia chooni.
Leo ni siku ya kugawana, watu thelathini na nane
wanangoja Emuhaya, na chai imeshapoa.
Vijana wa nje wakasema nyundo. Wakasema patasi.
Yeye akanitazama mimi: "Kufuli ni ya marehemu mama yangu."

Okwemba hakuwapo.
Nikabana ufunguo usio na meno,
nikauweusha kwa moshi wa mshumaa,
nikauingiza, nikauzungusha, nikautoa:
palipong'aa, kwaruu. Kimya.
Tena.
Hata wale wa nyundo wakanyamaza.
Mara ya tisa, au ya kumi na tisa, sijui,
kufuli ikaguna, ikaachia.

Vigelegele vilisikika hadi stendi.
Mama Andeyo akanisukumia noti mezani, nyingi kuliko nilizotaja.
Nilizisogeza kando kidogo
zisishike vumbi la chuma,
nikatafuta brashi.