Kiraka Nilichokiacha

Kazi yangu mimi ni kuua madoa.
Brashi ya waya, ndoo, chokaa iliyolala usiku kucha,
na ukuta wa Bi Zena, Kibokoni,
ubavu ule usioonwa na jua.

Nishakwangua nusu. Vumbi la kijivu
limenishuka kooni, chungu kama shubiri,
ndipo Munawara wa maabara akanishika mkono:
"Ngoja, fundi. Hilo si doa."

Ni nini basi?
"Kuvumwani."
Jina lenyewe ni ndoa.
Kuvu ndiye nyumba; mwani yumo ndani,
yuwapika kwa jua dogo analolipata.
Mizizi hawana. Wanakula umande.
"Kipande cha ukubwa wa shilingi," akasema,
"huenda kimekuzidi umri."

Nikaitazama brashi.
Miaka mingapi nimeifagia tangu asubuhi?

Alikwangua kwa wembe, kidogo kidogo,
akatia kwenye bahasha ya kaki, akaandika tarehe na mtaa.
"Asiye na miguu ya kukimbia hujifunza kupika sumu.
Huo uchungu ulioumeza ndio kitasa chake."

Wiki ya tatu akaniita.
Sahani ya kioo, ute wa mwani ulioganda,
na juu yake vijidudu vya usaha, vimetanda
kama mvuke kwenye kioo cha dirisha:
vile vile vya mguu wa mtu wa wodi ya nne,
vilivyokwisha kuzicheka dawa tatu.
Katikati, kikaratasi kilichochovywa
katika maji ya ukuta wangu.
Kukizunguka, hakuna kitu.
Pete ya utupu, upana wa ncha ya kidole.
Sijapata kuona utupu mzuri vile.

Nikasema: Mpakeni basi, mwangoja nini?
Akatabasamu kwa uchovu.
"Sahani haina ini, fundi.
Kinachomuua mdudu chaweza kumuua na mwenye mdudu.
Ni miaka. Ni pesa. Na pengine ni hapana."

Bi Zena kanikata mia tano,
ati kazi nusu,
kwa kiraka cha upana wa kiganja karibu na bomba.
Sikumjibu. Nilikuwa nikimuwaza mtu wa wodi ya nne,
na kile kijivu kisicho na haraka,
ambacho mvua ya vuli ikikipiga
kitakuwa kijani, saa moja, saa mbili,
kisha kitarudi
kufanana na uchafu.