Kiazi Bila Chumvi

Saa nane na dakika kumi na moja usiku, Isyonje,
maji ya kuku yameganda kwenye karai.
Kamera iko juu ya paa la ghala la viazi,
imevaa kopo la maziwa nililolikata mwenyewe,
inakodolea juu kama mtu aliyesahau neno.

Mara kila mti ukawa na kivuli,
na vivuli vikakimbia.
Sekunde tatu.
Mbwa walinyamaza kwanza, ndipo wakabweka.

Nikampigia Sevelina. Kamera ya pili anayo yeye,
Iringa, chini ya Gangilonga,
jiwe ambalo Wahehe wanasema linanena.
“Kwangu kimeshukia Mufindi,” akasema.
“Kwangu Makambako.”
Tukacheka. Hakuna aliyedanganya:
jicho moja hukupa upande,
mahali hupatikana kwa mawili.

Kulipokucha tukafunga pembetatu.
Kiliwaka kilomita tisini na mbili juu,
kikazimika thelathini na nane.
Kisha tukakirudisha kinyumenyume,
kama unavyofuata nyayo za ng'ombe hadi zizini,
tukaupita mwezi, tukafika kwenye njia yake:
duara lililovutwa kama mpira wa manati,
ncha moja ng'ambo ya Mirihi,
nyingine ndani, ndani kuliko Zebaki,
pale jua linapokaanga mawe.

Mimi nilikuwa na shida nyingine.
Mbele ya lenzi nimebandika kioo
chenye mikwaruzo mia tatu kila milimita;
mwanga ukipita pale huchambuliwa
kama maharage kwenye ungo.
Kijani: magnesiamu.
Chuma, mistari imebanana kama matuta ya mlimani.
Njano sikuiona.
Nikafuta kioo. Nikatazama tena.
Njano ni sodiamu, ni ile iliyomo kwenye chumvi.

“Kioo chako hakina kosa,” akasema Sevelina,
“soma njia.”
Basi nikasoma: kila kilipozunguka
kililisogelea jua mno,
na chumvi ikakitoka,
kidogo leo, kidogo safari ijayo,
kikabaki kutembea na chuma chake.

Mama alikuwa anamenya.
“Kilikuwa kikubwa kiasi gani, hicho chenu?”
Nikachagua kwenye gunia, nikampa.
“Hiki tu? Na mwanga wote ule?”
Akakipima mkononi,
akakimenya, akakitia sufuriani na wenzake.

Tulikula kimya.
Duka la Ambakisye lilikuwa limefungwa tangu Jumanne,
na chumvi ilikuwa imetuishia.